Banda la Kuku la Kuhamishika: Anza na Uzito

Banda la kuhamishika likiwa zito halihamishwi. Wiki ya kwanza vijana hulibeba kwa shangwe. Ya tatu limeshabaki pale pale chini ya mnazi, mavi yamejaa na kuku wanaanza kuhara damu. Kipimo changu ni hiki: mama na mtoto aliyerudi skuli walinyanyue na kulisogeza bila kutua. Boriti za mikoko basi hazifai. Ni nzito, na mikoko yenyewe tunaihitaji pwani.

Kwa mkulima wa Pemba, mianzi iliyokomaa inatosha. Iroweke wiki tatu au nne, kisha ianike kivulini. Maji hutoa wanga na sukari ambazo bungua, wadudu watoboao miti, huzifuata. Fremu ya umbo la A, urefu mita 2.4 na upana 1.2, hulaza kuku 10 wa kienyeji wanaoachiwa mchana. Kila kuku anataka sentimita 20 za fito ya kulalia, kwa hiyo fito moja ya urefu wa banda inawatosha na nafasi inabaki. Mianzi ya chini ichomoze mbele na nyuma ili libebwe kama machela.

Paa ndilo lenye ubishi. Makuti ni rahisi na yanapoza, lakini masika yakishika hulowa, uzito huongezeka, na utitiri hujificha humo. Napendelea bati la geji 30 lililopakwa chokaa juu, huku pembetatu za mwishoni zikiachwa wavu mtupu hewa ipite. Upepo wa kusi ukivuma lifunge kwenye vigingi, maana chombo chepesi hupeperuka.

Wavu wa kawaida humzuia kuku kutoka, haumzuii ngawa kupenyeza mkono. Sehemu ya chini ya kuta weka waya wa matundu ya nusu inchi, na sentimita 30 zake zilazwe ardhini kuelekea nje. Anayechimba huanzia ukutani, akakutana na waya.

Hamisha kila asubuhi. Vijidudu vya kuhara damu vinavyotoka na mavi huhitaji siku moja au mbili za unyevu kabla ya kuambukiza. Ukiondoka mapema unaviacha nyuma. Mahali papumzike angalau mwezi. Kwenye migomba na mikarafuu michanga pita kati ya mistari, kwani mavi mabichi huunguza na kuku hufukua mizizi.

Mdondo, ugonjwa wa virusi wa kuku (Newcastle), hauzuiwi na banda. Kinga yake ni chanjo iitwayo I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu. Wachanje usiku wakishapanda fitoni. Mchana utawakimbiza shamba zima.