Kufunga antena ya TV Pemba isiliwe na chumvi

Televisheni ya Zanzibar, ambayo leo ni ZBC, ilipoanza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mawimbi yakidhoofika uliona chenga na bado ukatazama. King'amuzi hakina chenga. Ubora ukishuka chini ya kiwango chake, picha inaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi. Mara nyingi watu hulaumu king'amuzi, kumbe kosa liko juu ya paa.

Anza kwa kutazama antena za majirani: zimeelekea wapi, na fimbo zake zimelala au zimesimama? Fuata hivyo hivyo. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, na nyumba iliyo bondeni hufichwa na kilima. Hapo ongeza urefu wa nguzo kabla ya kufikiria busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi), na antena ikae angalau mita 1 juu ya bati, kwani bati hurudisha mawimbi. Nguzo ya chuma iwe mbali kabisa na nyaya za umeme.

Tumia waya wa RG-6, yaani waya mnene wa antena wenye shaba katikati na wavu wa chuma kuizunguka, kipande kimoja kisichoungwa. Mita 30 tu hula zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi, kwa hiyo usiache waya wa ziada umeviringishwa nyuma ya TV.

Kichwa cha waya, yaani kiunganishi cha skrubu kilicho mwishoni mwake, ndicho kinachoharibika zaidi, maana upepo wa bahari huleta chumvi. Menya waya, acha shaba ya kati kama milimita 7, na hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa wavu unaoigusa. Ukigusa, busta haipati umeme wake unaopitia waya huo huo. Kaza kichwa, pakaa mafuta ya mgando kwenye mizunguko ya skrubu yake, kisha zungushia tepu kutoka chini kwenda juu, ipandane kama makuti, maji yateleze. Kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie kidogo ili mvua idondokee nje.

Sasa fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Geuza antena kidogo kidogo, kila mara subiri sekunde 5, na ufuate ubora, si nguvu. Nguvu ikiwa kubwa na ubora mdogo, jaribu kutoa busta: huenda inazidisha mawimbi kupita kiasi.

Kila mwaka kabla ya masika fungua kichwa cha juu. Ukikuta shaba imeota ukijani, kata sentimita 5 na uanze upya.