Mtoto harefuki: anzia kwenye fremu ya mlango, homoni baadaye

Mama mmoja wa Igoma alinijia na binti wa miaka 8 na karatasi ya maabara: homoni ya ukuaji ilipimwa asubuhi, ikakutwa karibu na sifuri. Macho yamemwiva kwa kulia. Nikamwambia, mama, karatasi hii haituambii kitu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huimwaga homoni hiyo kwa vipindi, zaidi usiku mtoto akiwa usingizini. Ukichota damu saa tatu asubuhi, hata mtoto mrefu kuliko wenzake anaweza kuonekana hana.

Tufuate mpangilio.

Kwanza, pima sawasawa. Vua viatu, visigino na mgongo viguse fremu, macho yatazame mbele. Bandika kitabu chenye jalada gumu kichwani, chora penseli, shusha futi. Na nywele zifumuliwe! Binti huyo alikuja na mabutu; tulipoyafumua, sentimita 3 zikayeyuka. Rudia baada ya miezi 6, wakati uleule wa siku, maana jioni mtu hupungua kidogo.

Pili, kasi. Kuanzia miaka 4 hadi kubalehe, mtoto hukua kama sm 5 hadi 6 kwa mwaka. Chini ya sm 4 ndipo ninaposhtuka. Shida ni kwamba kadi ya kliniki inaishia miaka 5, na baada ya hapo hatupimi tena hadi tushangae sare ya darasa la kwanza bado inamkaa la tatu.

Tatu, wazazi. Jumlisha urefu wa baba na mama. Mvulana ongeza 13, msichana toa 13, kisha gawa kwa 2. Baba 172, mama 160: binti anatarajiwa kufika karibu 159.5, akipanda au kushuka sentimita kama 8. Wazazi wafupi, mtoto mfupi anayekua kwa kasi nzuri: hapo hakuna ugonjwa.

Nne, ondoa vinavyofanana na upungufu wa homoni ya ukuaji, na kwetu huku ziwani ni vingi. Lishe duni, kichocho kwa wanaoshinda majini, selimundu, figo, VVU, tezi ya shingo iliyolegea. Msichana mfupi bila sababu apimwe kromosomu, kwa ajili ya Turner (hali ya kuzaliwa ambapo kromosomu moja ya X imekosekana au ina kasoro), hata kama haonyeshi dalili nyingine. Anayekosa chakula kwa kawaida hukonda. Anayekosa homoni mara nyingi ni kibonge kidogo, mwenye sura changa kuliko umri.

Tano, eksirei ya kiganja cha kushoto, kuona umri wa mifupa (imekomaa kama ya mtoto wa miaka mingapi), pamoja na kipimo cha damu cha IGF-1, protini ambayo mwili huitengeneza ukiamriwa na homoni ya ukuaji. Hiki hakiyumbi na saa, ila njaa nayo hukishusha, ndiyo maana lishe tuliitangulia. Vikitia shaka, ndipo kipimo cha kuamsha homoni: mtoto analala njaa, anapewa dawa kama klonidini au glukagoni, damu inachotwa kila nusu saa au zaidi kidogo kwa saa kadhaa. Kwa kawaida hufanywa viwili, kwa dawa tofauti, kwa sababu watoto wazima nao hufeli kimoja. Akifeli vyote, apigwe picha ya MRI ya pituitari.

MASWALI

Baba wa Ukerewe: Kijana ana 13, mfupi. Mimi nilirefuka kidato cha tatu.
Jibu: Huenda amekurithi, kaka. Umri wa mifupa yake utaonekana nyuma ya miaka yake, lakini kasi ipo. Akifika 14 korodani hazijaanza kukua, mpeleke kwa daktari.

Mama wa Nyegezi: Vidonge vya kurefusha je?
Jibu: Okoa hela yako, dada. Homoni hii ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama dagaa. Ya kweli ni sindano chini ya ngozi, kwa kawaida moja kila siku, kwa miaka.

Mama wa Sengerema: Wangu aliacha kurefuka, sasa kichwa kinamuuma asubuhi, anatapika, na anajigonga kwenye milango.
Jibu: Mama, wewe usisubiri miezi 6. Huenda kuna uvimbe unaokandamiza pituitari na mishipa ya macho. Kesho asubuhi hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, na uwaambie hilo la milango kabla ya la kimo.