Kununua kioo kipana cha kompyuta ukiwa Mtwara: kikague kabla hujalipa

Ukinunua kioo Kariakoo na unaishi Mtwara, kutokikagua kunaweza kukugharimu kilomita zipatazo 560 za kukirudisha. Mimi nafunga na kutengeneza kompyuta za steshenari na ofisi hapa mjini, na vioo vingi vinavyoletwa kwangu vikiwa vibovu vilitoka dukani na ubovu wake. Kiliwashwa, picha ikatokea, mnunuzi akalipa. Nusu saa tu ya ukaguzi ingemwokoa.

Hatua ya 1: Pima meza, angalia matundu

Inchi za kioo hupimwa kona kwa kona. Kioo cha inchi 24 cha umbo la 16 kwa 9 (upana kwa kimo) kina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha 30, bila kuhesabu fremu. Kwa video na majedwali mapana, chukua chenye nukta (pixel, vidoti vinavyounda picha) 1920 kwa 1080. Anayechapa barua na mikataba kutwa nzima mimi humshauri atafute mtumba wa inchi 22 wenye nukta 1680 kwa 1050. Huo ni wa umbo la 16 kwa 10, umezidi kidogo kwenda juu, na ukurasa unaonekana vizuri zaidi. Kama kompyuta yako ina tundu la VGA peke yake (lile la zamani la picha, lenye pini nyingi), hakikisha kioo nacho kinalo.

Hatua ya 2: Andaa rangi tano

Fungua Paint, programu ya kuchorea iliyomo kwenye Windows, weka ukubwa wa 1920 kwa 1080, mwaga rangi moja ijae kote, hifadhi kwenye flashi. Fanya hivyo kwa nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Nenda dukani na laptop na kebo yako unayoiamini.

Hatua ya 3: Kikague kikiwa na moto

Acha kioo kiwake dakika ishirini, kwa sababu kuna kasoro zinazojitokeza kikishapata joto. Kisha fungua rangi moja moja zijaze kioo chote, usogeze macho taratibu kutoka kona hadi kona.

Kila nukta ina vijinukta vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Kwenye nyeupe utaona nukta zilizokufa, weusi mdogo kama punje ya ufuta. Futa kwanza kwa kitambaa laini, huenda ni vumbi. Kwenye nyeusi utaona zilizoganda, zinazong'aa rangi moja bila kubadilika. Hiyo hiyo nyeusi, mwombe muuzaji apunguze taa, itakuonyesha mwanga unaovuja pembeni. Uvujaji hafifu ni wa kawaida. Ukiwa mkali kiasi cha kuonekana hata picha ikiwepo, kiache.

Usidhani boksi jipya halina nukta mbovu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600. Kiwango cha kimataifa cha ubora wa vioo, ISO 13406-2 cha mwaka 2001, katika daraja la pili ambalo watengenezaji wengi walilifuata, kiliruhusu nukta mbili zinazowaka muda wote na mbili nyeusi katika kila milioni. Kwa hiyo garantii inaweza isikubadilishie kioo kwa nukta moja tu. Patana na muuzaji kwa mdomo na kwa maandishi kabla hujatoa hela.

Hatua ya 4: Tofautisha kinachotibika

Nukta iliyoganda huweza kuzinduka ukiiwekea video ya rangi zinazobadilika haraka kwa saa moja au mbili. Iliyokufa kwa kawaida hairudi. Usiibonyeze kwa kidole, utaua na jirani zake.

Mstari wa wima unaosimama pale pale hata ukibadili kebo na kompyuta ni wa kukataa kabisa, hata kwa bei ya kutupa. Leo mmoja, kesho mitatu.

Kioo kikiwa cha njano chote, angalia kebo ya VGA. Pini ya 3 ndiyo inayopitisha bluu. Ikipinda au kukatika, nyeupe inakuwa njano. Mtumba uliokaa muda mrefu huku pwani kagua na kutu kwenye skrubu za matundu, chumvi ya upepo wa bahari haina huruma.

Msimu wa korosho uliopita mama mmoja mwenye steshenari Mikindani aliniletea kioo kinachowaka sekunde mbili kisha kinakuwa cheusi.

"Fundi, nikitupe?"

"Subiri kwanza, mama."

Nikazima taa ya chumba, nikaelekeza tochi ya simu kwa ubavu karibu kabisa na kioo. Maandishi yalikuwepo, hafifu, kama yameandikwa kwa maji. Maana yake kioo chenyewe ni kizima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma au umeme unaoulisha. Ndani nilikuta kapasita mbili (vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) zimevimba vichwa badala ya kuwa bapa. Nikaweka nyingine za volti na maikrofaradi (kipimo cha chaji zinazotunza) zile zile, kikawaka mpaka leo. Kazi hiyo mwachie fundi, bodi ya umeme hubaki na chaji hata waya ukichomolewa.

Hatua ya 5: Risiti na safari

Namba ya kioo iliyo mgongoni iandikwe kwenye risiti, pamoja na siku mlizokubaliana za kurudisha. Kwenye basi boksi lisimame wima, lisilazwe. Mimi niliwahi kupokea stendi kioo kilicholazwa chini ya magunia. Boksi lilikuwa zima kabisa, ndani ufa kutoka kona hadi kona. Niliumia sana, maana cha mteja nilikilipa mwenyewe.

Kikifika, washa simu urekodi tangu unakata gundi ya boksi, uunganishe, upitishe rangi zile tano. Video hiyo mtumie muuzaji siku hiyo hiyo, kabla hajapata nafasi ya kusema kimevunjikia kwako.