Siku moja, jengo moja: kuzuru monasteri za Ureno pamoja na rafiki wa zamani

Somo yangu anaishi Coimbra, ng'ambo ya mto Mondego, huu mwaka wa 31. Tunaitana somo kwa kuwa jina letu ni moja, na tangu tulipokalia dawati moja shuleni hakuna kilichotutenga ila bahari. Nilipostaafu alinipigia simu akasema, "Sasa udhuru umekwisha." Nikaenda, nikakaa majuma matatu. Haya nayaandikia mtu mwenye magoti yanayolalamika kama yangu, mwenye rafiki wa zamani ughaibuni, na anayeweza kukaa saa nzima mbele ya ukuta wa mawe bila kuona kwamba amepoteza muda.

Kabla ya kufungua ramani, mpigie rafiki yako. Wengi hupanga majengo kwanza, kisha rafiki wakamsukumia siku mbili za mwisho, wanapofika wamechoka na mabegi yamejaa nguo chafu. Mimi nilimuuliza somo maswali matatu tu: unaamka saa ngapi, siku gani huna shughuli, na mguu wako unakuchukua mwendo gani. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa ratiba. Siku nne za kwanza nilipumzika kwake, kisha tukawa tunatoka siku moja na kukaa nyumbani siku inayofuata. Siku za kukaa nyumbani usizione hasara. Mambo ya miaka 31 hayasemeki ndani ya basi.

Makaratasi nayataja upesi. Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya muda mfupi inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usingoje zikabaki chini ya siku 15. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Ukifikia kwa rafiki, yeye ndiye atakayekuandikia hati ya kukudhamini, Wareno wanaiita termo de responsabilidade, nayo huchukua muda kuandaliwa. Tandaza karatasi zote mezani, utazame tarehe moja baada ya nyingine. Bima yangu ilikuwa inaisha siku moja kabla ya tiketi ya kurudi, na siku hiyo moja ilinirudisha nyumbani kuanza upya.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba monasteri kubwa za Ureno hazina watawa. Mwaka 1834 serikali ilivunja mashirika ya kitawa ya kiume na kuchukua mali zao. Wamonaki wakaondoka, majengo yakabaki. Kwa hiyo Batalha, Alcobaça na Tomar utaingia kwa saa za makumbusho, na tarehe 1 Januari, Jumapili ya Pasaka, tarehe 1 Mei na Krismasi utakuta milango imefungwa. Ukitaka kusikia Masifu ya Jioni, sala yao ya jioni, yakiimbwa na wamonaki wenyewe, kaskazini, katika wilaya ya Santo Tirso, kuna Wabenediktini wa Singeverga, waliopo tangu 1892. Waandikie mapema kabla hujaenda, kwa adabu, ueleze wewe ni nani na unataka nini. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza wageni wapokelewe kama Kristo mwenyewe. Mgeni naye asije kwa kushtukiza.

Mwendo wetu ulikuwa huu: siku moja, jengo moja, na jengo hilo unaliingia mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi, mlango ukifunguliwa tu, bila kitabu wala simu mkononi. Tembea ukifuata ukuta, usikimbilie katikati. Kisha toka nje, ule, ukae kivulini, usome habari zake. Mchana ukielekea jioni rudi ndani, ndipo utaona ulivyovipita asubuhi. (Muulize mkata tiketi mlangoni kama utaruhusiwa kurudi, usikisie.) Chukua mtandio au sweta hata wakati wa joto, kwa maana mawe yana baridi yao. Vaa viatu vya soli ya mpira, sakafu zimelainishwa na karne za nyayo. Beba pia darubini ndogo, ile ya kutazamia ndege. Kazi nzuri kuliko zote iko juu darini, na wageni wengi huondoka hawajainua shingo.

Tulianza karibu, hapo hapo Coimbra, Santa Clara-a-Velha. Hii ilikuwa nyumba ya watawa wa kike, Waklara, na kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1330 chini ya ulinzi wa Malkia Isabel. Tatizo ni mto. Mondego ulikuwa ukifurika na kuingia ndani, watawa wakainua sakafu, mto ukainuka nao, hata mwaka 1677 wakahamia mlimani kwenye nyumba mpya. Lile la zamani likazama nusu katika tope kwa zaidi ya miaka 300, mpaka wachimbuaji walipolifukua. Anza na jengo la namna hii, lililobaki mifupa tu. Jicho linajifunza tao na nguzo zinavyobebana kabla ya mapambo kuja kulivuruga.

Batalha haina stesheni ya reli, utakwenda kwa basi au gari. Mji wa Leiria uko karibu sana. Mfalme João I aliweka nadhiri ya kujengea Bikira Maria monasteri akiwashinda Wakastilia, majirani zao wa Hispania, akawashinda mahali paitwapo Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385, na mwaka uliofuata kazi ikaanza. Amelala humo na mkewe, Filipa wa Lancaster, katika kaburi moja, sanamu zao zimeshikana mkono. Tulipofika jua lilikuwa linapenya vioo vya rangi, nguzo zimepakwa nyekundu na buluu, na somo akaweka kiganja chake ndani ya ile nyekundu kama mtoto.

Humo usikose mambo mawili. La kwanza ni ukumbi wa mikutano ya watawa: dari la mawe la mita 19 hivi kila upande, halina hata nguzo moja katikati. Inasimuliwa kwamba lilianguka likijengwa, ndipo wakatumiwa wafungwa waliohukumiwa kufa. Leo chini yake wamezikwa askari wawili wasiojulikana wa Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1921, kwa hiyo ingia kwa sauti ya chini. La pili ni zile kapela, makanisa madogo, ambazo hazikumalizwa, nyuma ya kanisa. Unapita mlango uliochongwa kama lesi, ukiinua macho unakuta mbingu. Paa halikuwekwa kamwe. Mwashi angeweza kurudi kesho akaendelea, hivyo ndivyo panavyoonekana.

Tomar nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Treni ya kutoka Lisbon inachukua kama saa mbili. Kilima cha kupandia ngomeni, monasteri iliko, ni kikali: panda kwa teksi, ushuke kwa miguu. Watempla, wale watawa waliokuwa pia askari, walianza kujenga pale mwaka 1160, na kanisa lao la duara ndilo la kukalia. Tafuta pia dirisha maarufu la mwanzo wa karne ya 16, lenye kamba na matumbawe ya mawe. Anayejua kamba za jahazi ataona fundi yule hakuwa anabahatisha mafundo.

Sasa Alcobaça. Kama una siku moja tu Ureno, ipe Alcobaça. Mfalme wa kwanza, Afonso Henriques, aliwapa Wasisterisiani, shirika la watawa, ardhi hiyo mwaka 1153, na kanisa lao lina urefu wa zaidi ya mita 100, jeupe, jembamba, halina pambo hata moja la kukushika jicho njiani. Ukitembea taratibu unasikia pumzi zako. Jikoni kuna mfereji uliochepushwa kutoka mtoni, maji yanapita ndani ya jiko lenyewe, na bomba la moshi lenye vigae vyeupe ni pana kama chumba.

Lakini watu huja kwa makaburi mawili. Inês de Castro aliuawa Coimbra mwaka 1355 kwa amri ya mfalme, baba wa mwana mfalme Pedro aliyempenda. Pedro alipotawala alimwondoa kule Santa Clara alikozikwa, ile ile tuliyoanza nayo, akamleta Alcobaça. Ndiye aliyeagiza kaburi lake na la Inês. Yameelekeana miguu kwa miguu, na husemwa aliyataka hivyo ili siku ya ufufuo, mtu wa kwanza kumwona awe Inês. Chuchumaa, au muombe mwenzio akushike mkono uiname, utazame yanachokalia: la Pedro limebebwa na simba, la Inês na viumbe vyenye miili ya wanyama na nyuso za watu. Halafu tazama kichwani. Malaika wadogo wameweka mikono chini ya mabega ya Inês, wanamwinua taratibu, na vidole vyao vimezama kidogo katika mkunjo wa nguo. Ni jiwe. Pembeni utaona palipovunjwa na askari wa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 19, walipokuwa wakitafuta hazina.

Somo alikuwa hajaingia kanisa hilo tangu mumewe afariki, miaka miwili iliyopita. Kwenye simu alikuwa ananiambia, "Nimezoea." Pale tulikaa kwenye benchi kutoka saa nne mpaka saa sita. Hakusema neno la maana kwa muda mrefu, kisha akaanza kunieleza siku ile ya hospitalini, kila kitu, hata rangi ya shuka. Nilikuwa nimepanga tumalizie na ua wa ndani wenye baraza za matao kabla ya chakula. Sikuutaja. Ukisafiri na rafiki acha nafasi kama hizo katika ratiba, na zikija usitazame saa. Ua tuliuona baadaye, wakati wa kuingia mara ya pili.

Mkiagana, aganeni stesheni. Uwanja wa ndege una foleni nyingi na mtu hapati kusema kwaheri inayoeleweka. Treni za masafa marefu husimama Coimbra-B, stesheni iliyo nje kidogo ya katikati ya mji, na hapo mnaweza kuketi jukwaani mpaka treni itokee. Mimi nilijiwekea siku nzima Lisbon kabla ya ndege, peke yangu, nikaenda Jerónimos, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1501. Ukiingia kanisani tu, utamkuta Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi mwaka 1498, amelala mikono imefumbatana. Fika mapema, msururu ni mrefu, na usipange siku hiyo iangukie Jumatatu, kwa sababu Jumatatu hufungwa.