Kaktasi ya Krismasi nyumbani kwangu Shangani, Mtwara

Mmea huu msiuchukulie kama wa jangwani. Asili yake ni misitu ya milimani Brazili, ambako hushikilia matawi ya miti. Ndiyo maana naupanda kwenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mboji kidogo na mchanga wa mtoni, si wa baharini wenye chumvi. Namwagilia nikichomeka kidole nikakuta juu pamekauka. Jua kali nalizuia kwa pazia jepesi.

Maua yanataka usiku mrefu. Mwaka jana taa ya sebuleni ilininyima hata tumba moja, niliumia! Sasa, kuanzia Juni, naufunika kwa ndoo saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, wiki 6. Matumba yakichomoza nchani, mekundu kama punje za mtama, ndoo naiweka kando na chungu sikihamishi; ukikisogeza, yanapukutika.