Taa ya injini ya pikipiki ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

Wateja wangu hapa Arusha huja na jibu mkononi: "Fundi, sensa ya oksijeni imekufa, nifungie nyingine." Nawaambia mjumbe hauawi. Sensa inaonja moshi na kupeleka habari kwenye kompyuta, basi. Habari ikiwa mbaya, mara nyingi ni ya kweli.

Anza na taa. Kwenye pikipiki nyingi za Honda za injekta (zisizo na kabureta), taa humweka kwa hesabu: mmweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mirefu miwili na mfupi mmoja ni kodi ya hitilafu 21: njia ya umeme ya sensa ya oksijeni. Njia, siyo lazima sensa yenyewe. Soketi yenye kutu au waya uliokaangwa na eksozi huleta 21 ileile.

Halafu kagua eksozi. Hapa ndipo watu wanapopigwa hela. Gasketi ya eksozi, pale inapoungana na hedi ya injini, ikivuja, eksozi hunyonya hewa ya nje, sensa inakuta oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache, inaongeza. Pikipiki inakula mafuta, plagi imejaa masizi, na sensa ni nzima! Injini ikiwa baridi, paka povu la sabuni kwenye maungio, washa, kisha ziba kidogo mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene. Panapotoa mapovu ndipo penyewe. Ukifunga upya usipake silikoni ya kawaida, mvuke wake unaua sensa.

Mafuta nayo yachunguze. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka, iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huacha doa.

Sasa ndiyo upime. Injini iwe moto kweli, soketi isichomolewe, mita ya umeme iwe kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye ishara ya sensa, mwingine kwenye chuma cha bodi (hasi). Shikilia resi ya kati. Namba icheze kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda chini, ziba kidogo mdomo wa ea klina. Ikipanda, sensa inaonja vizuri. Kamtafute mchawi kwenye injekta, chujio na pampu. Isipopanda na waya ni mzima, hapo kanunue. Waya wa ishara usiupime kwa omu (kipimo cha ukinzani), utaimaliza sensa.

Sensa ya zamani ifungue injini ikiwa vuguvugu, na pulizia dawa ya kutu mapema. Ukilazimisha kwa baridi, inaweza kung'oka na nyuzi (meno ya skrubu) za eksozi.