Jinsi ya kupitisha kitu kipya kwenye kampuni ya zamani bila kugombana na ofisi nzima

Kabla hujagusa slaidi hata moja, chukua karatasi uandike majina ya watu ambao wazo lako likipita watapoteza kitu, na mbele ya kila jina andika anapoteza nini hasa. Usiandike "hapendi mabadiliko", hiyo ni lawama tu. Andika kitu kinachoshikika: huyu bonasi yake inahesabiwa kwa mauzo ya bidhaa ya zamani, yule ndo mtu pekee anayeujua mfumo wa sasa na kila mtu anamtafuta yeye, kesho atakaa darasani na vijana waliokuja juzi, mwingine atafanya kazi mbili kwa miezi kadhaa na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Ukimaliza hiyo orodha utagundua wengi wanaokupinga wana akili timamu kabisa, na ungekuwa wewe umekaa pale ungekomaa hivyohivyo.

Mfano ambao kila mtu anautaja ni Kodak, kampuni ya Marekani iliyokuwa inauza filamu za kamera. Injinia wao Steve Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, dubwana la karibu kilo 4 lililokuwa linatumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kaseti, na Januari 2012 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Watu wanasema mabosi walikuwa vipofu. Mi naona waliona vizuri tu, hela ilikuwa kwenye filamu, karatasi na kemikali za kusafishia picha, na hapa kuna mtu kaleta kamera ambayo haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Mgongano wa namna hiyo hautatuliwi na semina ya kuhamasisha wala fulana zenye nembo ya mradi.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni tageti. Nenda kwa mwenye uwezo wa kuzibadilisha, muombe yule meneja wa bidhaa ya zamani naye ahesabiwe pale ya mpya inapouzika, au muda ambao timu yake inatumia kwenye jaribio lako utolewe kwenye tageti yao ya mwaka. Huyo mwenye uwezo akikataa hilo basi kakwambia msimamo wake, hata kama kwenye kikao alikupigia makofi. Na haya mazungumzo yafanyeni mapema, mmojammoja, maana kikao kikubwa sio mahali pa kumshawishi mtu. Akishasema hapana mbele ya wenzake itabidi aitetee hiyo hapana hadi mwisho hata kama moyoni kashakubali.

Alafu washirikishe watu kweli, sio kuwapa taarifa ukaiita ushirikishwaji. Kuna utafiti wa zamani wa Coch na French, uliotoka 1948, walifanya kwenye kiwanda cha pajama cha Harwood huko Virginia, Marekani. Kila kazi ikibadilishwa kidogo uzalishaji ulikuwa unashuka na watu wanaacha kazi, so wakagawa makundi: moja likaambiwa tu kazi inabadilika na kwanini, mengine yakahusishwa kupanga hiyo kazi mpya ifanyweje. Uzalishaji wa kundi la kuambiwa uligoma kupanda na asilimia 17 yao waliacha kazi ndani ya siku 40. Wale waliopanga wote kwa pamoja walirudi kwenye kiwango chao haraka na wakapitiliza, na hakuna aliyeondoka.

Kushirikisha kunaonekanaje? Tuseme mmeleta mfumo mpya wa oda na mama wa stoo bado anaandika kwenye daftari lake pembeni. Meneja wa mradi akiliona hilo daftari anakasirika, anaandika memo. Wewe usiandike memo, vuta kiti uombe kulisoma. Utakuta mle kaandika mteja gani apigiwe simu kabla gari halijatoka, nani huwa anarudisha mzigo mwisho wa mwezi, bidhaa ipi inakuja na maboksi yenye namba zilizokosewa. Yaani vitu ambavyo mfumo wenu hauna hata sehemu ya kuviandika! Weka hiyo sehemu, tena mwambie yeye ndo aseme ikae wapi, na mtu wa stoo nyingine akiuliza mfumo ukoje atamuuliza huyo mama, hatakuuliza wewe.

Jaribio lenyewe lifanye dogo, liwe na mwisho unaojulikana, na kabla ya kuanza kubalianeni kwa maandishi matokeo gani yatafanya muendelee na yapi yatafanya muache. Hiyo ya kuacha ndo inawatuliza wapinzani, maana wanachoogopa ni jaribio linalogeuka sheria kimyakimya. Na wape watu kitu cha kushika. Vile vikaratasi vya kubandika vya Post-it vya kampuni ya Marekani ya 3M, vilipojaribiwa sokoni mara ya kwanza 1977 havikuchangamka, mwaka uliofuata wakaenda mji wa Boise, jimbo la Idaho, wakagawa bure, watu wakatumia, wakataka tena, 1980 vikaingia soko la Marekani nzima. Hakuna slaidi ingefanya hiyo kazi.

Utahitaji pia mtu mzito wa kukukinga. Injinia Ken Kutaragi alipokuwa anahangaikia mashine ya michezo ya PlayStation ndani ya Sony wakubwa wengi waliona michezo ya video ni kitu cha watoto, bosi mkuu Norio Ohga ndo alimkingia kifua na mradi ukahamishiwa pembeni upande wa Sony Music, ikatoka Desemba 1994. Ila kuwa makini na kujificha pembeni, ukikaa huko sana wenzako watakuona wa kuja, na siku ya kuomba magari, wauzaji na wahasibu wao hakuna atakayepokea simu.

Watabaki wachache ambao hawatakubali kabisa. Usimalize nguvu zako kwao, endelea na wanaotaka, wengi wa katikati wanaangalia tu nani anafaidika. Lakini ukiona kumi wanaolalamika wanalalamikia kitu kimoja, simama kwanza, hapo huenda kosa ni la kwako.

Mwisho tangazeni tarehe ya kuzima cha zamani, na mkizime kweli. Mifumo miwili ikienda sambamba bila tarehe, kila mtu atarudi kwenye aliouzoea siku ya kazi nyingi. Wa zamani uacheni usomeke tu kwa kutafutia kumbukumbu, usiingizwe kitu kipya, na hiyo tarehe isiangukie mwisho wa mwezi wakati wahasibu wanafunga hesabu.